Kuhusu Rangi ya Lori la Kaka Yako

Kijiji cha Lundo,
S.L.P. 9, Liuli,
Mbinga – Ruvuma.
Jumapili, 17 Novemba 1996

Mpendwa shemeji Egidi,

Shikamoo uliyoniandikia mstari wa kwanza nimeiitikia kwa sauti hapa kibarazani, mpaka Ida akatoka jikoni kuangalia ninaongea na nani. Marahaba, shemeji. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitwe, pamoja na Gaudiosa na watoto, na kwamba kifua chako kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimetulia sasa joto limerudi.

Sisi tupo. Mama yako Ottilia anatembea kwa fimbo mbili lakini kanisani anafika, tena anafika kabla yetu. Ida mume wake amemruhusu akae nami mpaka Krismasi, Mungu amzidishie. Mvua haijaanza. Tumepanda mihogo upande wa mtoni kwa kubahatisha. Usipa wapo wengi ziwani mwezi huu, nimewakausha gunia zima, na sehemu yako nimeitenga.

Barua yako ya tarehe 25 Oktoba ilifika juzi Ijumaa. Nimeisoma mara nne. Najua telegramu ilikufikia siku kumi na tatu baada ya mazishi, tukiwa tumeshavunja matanga, na najua umeandika ukurasa mzima kuomba radhi kwa kosa ambalo si lako. Hakuna mtu hapa anayekulaumu. Mama yako alisema hivyo mbele ya ukoo wote, na aliyekuwa na la kusema akalimeza.

Umeniuliza mambo mawili: kaka yako alikufaje, na je, lile gari dogo alilolitengeneza, lenye mwandiko wake mlangoni, naweza kumpa Jastin akuletee atakaporudi huko na biashara zake baada ya sikukuu. Umeyaandika kama mambo mawili. Kwangu ni jambo moja, na ndiyo maana nimechukua siku mbili kupata mahali pa kuanzia.

Basi nianze na hili, nisije nikakuzungusha. Mwandiko haupo. Niliufuta mimi kwa mkono wangu, Tadei akiwa hai, akinitazama.

Wewe uliliona gari lile Krismasi iliyopita, lakini hukuona lilivyoanza. Wanunuzi binafsi walipoingia milimani na magari yao mapya, wakawa wananunua kahawa mlangoni kwa mkulima, malori ya ushirika yakakosa mzigo. Lori la kaka yako, namba kumi na moja, aliloliendesha miaka kumi na tisa, liliwekwa juu ya mawe nyuma ya ghala pale Mbinga mjini kungoja mteja. Wiki zake za mwisho kabla ya kupunguzwa kazini, alikuwa anakwenda huko na uzi. Anapima bodi, anafunga fundo. Anapima dirisha, anafunga fundo. Mlinzi alidhani amerukwa na akili. Tulipohamia huku Lundo mwaka 94, tulikuja na magodoro, vyungu, kuku watano, na bunda la nyuzi zenye mafundo.

Kipimo chake kilikuwa moja kwa ishirini. Alinieleza mara nyingi: urefu wa sentimeta ishirini kwenye lori lenyewe unakuwa sentimeta moja kwenye hili. Chesisi ya mninga. Kichwa cha bati la debe la mafuta ya kula, alilolifua kwa nyundo taratibu mpaka likapata mviringo. Matairi ya mpira wa tyubu. Ukizungusha usukani kwa ncha ya kidole, magurudumu ya mbele yanageuka kweli. Alilifanyia kazi asubuhi kabla ya shamba na mchana akirudi, miaka miwili, na sikumwona akiwa na haraka hata siku moja.

Milango aliimaliza kabla ya mengine yote. Aliipaka kijani cha ushirika, juu yake akaandika kwa rangi nyeupe kama ilivyokuwa kwenye lori: Na. 11, na chini yake, kwa herufi ambazo mimi nilihitaji kuzisogeza machoni, Dereva: T. Ndimbo. Brashi ya kuandikia aliitengeneza mwenyewe kwa nywele chache za mkia wa mbuzi. Mlango mmoja ulimchukua wiki mbili. Akikosea herufi moja anafuta yote anaanza upya.

Kisha ikabaki rangi ya gari zima, na hapo akakwama.

Wakati ule wa zamani hapakuwa na cha kuchagua. Ukienda dukani ukakuta kopo la rangi, unachukua hilo hilo. Kama ni ya bluu, basi nyumba yako itakuwa ya bluu na ya jirani pia. Sasa duka la Mbinga limejaa makopo mpaka darini. Kaka yako alirudi kutoka huko amechoka kama mtu aliyelima. Kuna rangi ya mafuta, kuna ya maji, kuna ya magari, kuna ya kupuliza inayotoka kwenye kopo lenyewe ukibonyeza. Ya maji aliikataa siku ile ile kwa sababu haishiki bati. Ya kupuliza alisema kijani chake ni cha mboga, si cha lori. Zikabaki mbili.

Rangi ya mafuta ndiyo ile ya milango na madirisha ya nyumba. Unaipaka kwa brashi, inajilaza yenyewe, inang'aa bila kelele. Ubaya wake inakauka kwa siku nne, tano, na hapa kwetu unajua kuna vumbi, na kuna nkungu. Wale wadudu wakiinuka ziwani kama moshi, hakuna kitu kibichi kinachosalimika. Kipande cha kwanza alichokipaka kilikuwa kama mkate uliomwagiwa ufuta. Rangi ya magari yenyewe inakauka hujamaliza kunawa mikono, na unajiona usoni kama kwenye kioo. Fundi Wilfred, anayepuliza rangi kwenye gereji moja pale Mbinga, alimchanganyia nusu kopo ya kijani sawasawa na cha lori lenyewe, akampa na chupa ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi yenye harufu ya kupanda kichwani.

Akapaka vipande vya bati, hiki kwa mafuta, hiki kwa ya magari, hiki moja juu ya nyingine, akavitundika ukutani kwa waya. Miezi. Tukikaa kula ananiuliza, "Luisa, ukiangalia hivi viwili unaonaje?" Namjibu, "Vyote kijani, baba Ida. Ugali unapoa." Anacheka, anakula. Alinieleza mengi kuhusu rangi tukiwa mezani, shemeji, ipi inakubali kukaa juu ya ipi na kwa nini, na mimi nilikuwa nawaza mihogo. Ningesikiliza hata siku moja tu.

Tarehe 14 Mei, Jumanne asubuhi, alikuwa amekaa kibarazani anasugua paa la gari kwa msasa. Mimi natwanga. Nikasikia msasa umenyamaza. Nilipogeuka, alikuwa ameketi vile vile, msasa uko chini, na anautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Nikamwita. Mdomo ulikuwa umeenda upande.

Tulikaa hospitalini wiki tatu, wakamtunza vizuri. Alirudi nyumbani upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yote yamekwenda isipokuwa moja. Alibaki na "bado". Ukimpa maji, "bado". Ukimwuliza kama amelala vizuri, "bado". Padre alipomletea komunyo, alisema "bado" mahali pa Amina. Mama yako alipomshika kichwa akilia, alimwambia "bado, bado" kwa upole, nadhani alikuwa anamwomba asilie. Mwanzoni kila mara lilinichoma. Baadaye nikazoea. Mwezi wa sita haujaisha, neno lile kwangu halikuwa neno tena, lilikuwa kama mtu anavyokohoa.

Mwezi wa saba barua yako ikaja kwamba unategemea kufika Agosti. Nilimsomea. Alilia, jicho moja tu likitoa machozi. Hapo ndipo nikapata wazo langu. Nikamwambia Ida, baba mdogo akija alikute gari limekwisha, linang'aa, lipo mezani, na baba yako alione kabla. Ida akakubali. Nikahesabu siku, nikawafikiria nkungu, nikaona rangi ya mafuta haina nafasi. Rangi ya magari inakauka mara moja. Nilijiona nina akili kweli.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 27 Julai, asubuhi yenye jua zuri. Tulimtoa nje kwenye kitanda cha kamba, tukamwegemeza kwa mito ili aone. Nilitaka aone, unanielewa? Nilivaa hata kitenge kipya. Niliweka gari juu ya stuli mbele yake, nikafungua kopo la Wilfred. Harufu ilipotoka tu, akaanza.

"Bado," alisema.

"Ndiyo, baba Ida. Leo tunamaliza."

"Bado. Bado!" Mkono wake wa kushoto ukawa unapiga fito ya kitanda.

Ida akanitazama. "Mama, baba anasema bado."

"Baba yako husema bado kwa kila kitu," nikamwambia. "Hiyo ni furaha. Shika stuli isitikisike."

Nilianza na paa. Paa lilikuwa bati tupu alilokuwa amelisugua, na pale rangi ililala vizuri mno, ikakauka nikiwa natazama. Nikamgeukia kumwonyesha. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikajua ni ya furaha, nikaendelea. Nikashuka kwenye bodi, ambayo alikuwa ameshaipaka mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta, kisha nikaingia mlango wa dereva, nazunguka maandishi kwa brashi ndogo, pole pole, nimeuma ulimi kama mtoto wa shule.

Umewahi kuona maziwa yaliyochemka, ukaivuta ngozi ya juu kwa kijiko? Rangi ya chini ilijikunja hivyo. Ilianza kwenye bodi, mikunjo mikunjo kama vidole vilivyokaa majini, halafu ikavimba, ikanyanyuka. Nikaona na mlangoni herufi zinasogea, N inaiacha T. Nikashtuka, nikachukua kitambaa, nikapangusa. Nilidhani napangusa tina. Nilipoinua kitambaa, mlango ulikuwa bati, na kitambaani kulikuwa na utelezi wa kijani na mweupe. Nikaligeuza gari haraka niokoe mlango wa pili, na kidole gumba changu kikazama katikati ya jina lake.

Mkono wake ukaacha kupiga kitanda. 

Siku mbili aligeukia ukutani. Uji akaukataa, maji akanywa kwa Ida tu. Siku ya tatu nililifunga lile gari ndani ya kanga, nikapanda pikapu ya wachuuzi wa usipa, nikapanda nayo milima mpaka Mbinga. Wilfred alipolifungua alivua kofia.

"Mama Ida, nani amefanya hivi?"

"Mimi."

Ni mtu mwema, hakutaka kusema, nikamlazimisha.

"Mzee alijua," akasema. "Alikuja hapa mara tatu kwa jambo hili hili. Rangi ya mafuta unaweza kuiweka juu ya rangi ya magari iliyokwisha kukauka, haina shida. Ukigeuza, ya juu inaila ya chini. Nilimwonyesha kwenye kipande. Mwezi wa nne akaja kuniambia ameshaamua: atatumia ya mafuta gari zima, kwa sababu milango ameshaipaka hiyo na hawezi kuandika mara ya pili vizuri vile. Alisema atangoja nkungu wapungue, na atalikausha ndani ya chandarua."

Nilikaa juu ya tairi bovu pale gereji nikalia mbele ya wanaume wasionijua. Alikuwa ameamua, shemeji. Ile "bado" ilikuwa na maana yake kamili, kama aliyoimaanisha maisha yake yote alipokuwa na maneno mengine. Wilfred aliniambia nimwachie gari, atalivua lote, atalipuliza upya, na kuna mwandika vibao jirani yake atakayeandika milango vizuri kuliko mwanzo. Nilikataa. Sikuweza kumweleza kwa nini. Nikalifunga tena kwenye kanga nikarudi nalo.

Nilipofika nilipiga magoti kando ya kitanda. Sikuwahi kumpigia mume wangu magoti tangu siku ya ndoa. Nikamwambia, "Baba Ida, ulisema bado, na ilikuwa kweli bado. Nisamehe. Sikukusikia, na si Jumamosi ile peke yake." Alinitazama kwa muda mrefu. Hakufanya chochote, na sitakudanganya kwamba alifanya.

Nikamwekea gari mapajani na kipande cha msasa kwenye mkono wa kushoto. Msasa ukaanguka. Kesho yake nikamwekea tena, ukaanguka. Siku ya nne nilikuwa uani naanika mihogo, nikasikia sauti ya msasa kibarazani, kidogo, kisha kimya, kisha kidogo tena. Niliinama juu ya mihogo yangu nikashindwa kuinuka.

Agosti yote tulisugua. Wewe ukaandika kwamba mgodini wamekunyima likizo, nikamsomea, akapapasa kifuani pangu pale nilipoishikia barua, nikaelewa kwamba anaitaka aishike. Tukaendelea kusugua, yeye kwa kushoto, mimi naligeuza gari anapotaka. Rangi ile iliyokunjamana ilikuwa ngumu kuitoa. Siku tulipofika kwenye bati tupu pande zote, nilimwosha mikono kwa sabuni, nikaweka makopo mawili mbele yake, la mafuta na la Wilfred. Nikamwuliza kama mtu anavyopaswa kuulizwa.

"Baba Ida, hii au hii?"

Akaweka kiganja juu ya rangi ya mafuta.

"Itachukua siku nyingi."

Akacheka kwa nusu ya mdomo. "Bado," akasema.

"Sawa," nikamwambia, "tutangoja."

Tulipaka mkono wa kwanza tarehe 19 Septemba. Nilisimamisha vijiti vinne juu ya meza, nikatandaza chandarua chetu juu yake, sisi wenyewe tukalala na mbu. Nkungu walikuja Jumamosi wakatua juu ya chandarua mpaka kikawa cheusi, na gari liko ndani salama, na kaka yako aliwacheka kama mtu aliyewashinda kesi. Wiki mbili zile, Egidi, sitazisahau. Tulikaa tukitazama rangi inakauka. Nilijifunza kumwuliza maswali ambayo mkono unaweza kuyajibu. Nilimwuliza kama alijuta kuacha kuendesha, akageuza kiganja juu na chini, juu na chini. Nilimwuliza kama alijuta kunioa mimi Mmatengo wa milimani nisiyejua hata kupara samaki vizuri, akanipiga kofi dogo begani. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na nadhani siku zile kumi na nne ndizo nilizomsikia zaidi.

Mkono wa pili tuliupaka Alhamisi, tarehe 3 Oktoba. Mimi nilishika brashi, yeye alishika kifundo cha mkono wangu. Nikienda haraka ananibana. Kwa hiyo rangi ile imepakwa na sisi sote wawili, kama kuna mtu atauliza.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakoroga uji. Nilipomletea, alikuwa ameegemea mto, uso ameuelekeza kwenye chandarua, macho wazi. Nikadhani anatazama rangi. Niliongea naye. Nilimwambia uji una karanga leo, nikamwambia jua litakuwa kali, rangi itavuta vizuri. Nilikuwa nimeshapuliza kijiko cha kwanza nilipojua. Hakutaabika, Egidi. Hilo ulilouliza, ndilo jibu lake. Hakuita mtu. Ida anasema alimpita dakika chache kabla, akamwona anapumua vizuri.

Watu walikuja wengi, kutoka Liuli, kutoka Mbinga, hata madereva wenzake watatu walishuka kutoka milimani. Nafasi kibarazani ilihitajika, na mtu, sikuuliza nani, akaondoa chandarua na vijiti, akaliweka gari dirishani. Rangi ilikuwa mbichi. Kiwanja chetu unakijua kilivyo Oktoba. Siku tatu za msiba, watu wakiingia na kutoka, wakiimba, wakilala nje, vumbi likapanda, na rangi ikalishika.

Kwa hiyo gari ninalokutumia liko hivi. Ni kijani sawasawa, lakini halina ule mng'ao alioutaka. Ukipitisha kidole utasikia kama mchanga. Wilfred, ambaye naye alikuja kuzika, ameniambia lisuguliwe kidogo tu, lipakwe mkono wa tatu, litakuwa kama kioo. Watu watatu wameniambia hivyo hivyo. Nimekataa. Mchanga ule umetoka miguuni mwa kila aliyemsindikiza kaka yako. Wewe hukuwapo, lakini wao wote wamo humo. Usilisugue, shemeji, na ukimwona mtoto analikaribia na msasa mpokonye.

Milango ni mitupu. Nilijaribu. Nilichukua brashi yake ya nywele za mbuzi nikaandika Na. 11 juu ya ubao mara nyingi, ikawa kama kazi ya kuku. Sikugusa gari. Wewe ukitaka kuandika, andika. Ukitaka iachwe hivyo, iache. Ila kama utaandika, tumia rangi ya mafuta, usimruhusu mtu akuletee ile nyingine.

Ida alitaka gari libaki hapa. Nimemwambia sisi tulikuwa naye siku zile zote, na baba mdogo hakupata hata moja. Jastin nimeshaongea naye, atalibeba ndani ya boksi, atalipakata mwenyewe safari nzima. Nimemwapisha.

Sasa na mimi nina ombi, na naona aibu kuliandika, lakini nitaliandika.

Tangu tulipozika nimetafuta nyumba nzima kitu chochote chenye mwandiko wa Tadei. Sina. Madaftari ya safari aliyarudisha ofisini siku aliyopunguzwa. Leseni ina saini tu, mkunjo mmoja. Vipimo vya gari lile ni mafundo. Mimi na yeye hatukuwahi kukaa mbalimbali muda wa kutosha mtu kumwandikia mwenzake. Akienda safari, anarudi mwenyewe kabla barua haijafika. Miaka ishirini na minne, na hakuna mahali alipoandika Luisa ambapo naweza kupashika.

Lakini wewe alikuandikia tangu ulipokwenda huko mwaka 75. Kila mwezi nilimwona ameinama mezani, na mimi ndiye niliyezipeleka posta. Najua unazo, umesema mwenyewe umezitunza. Nitumie moja. Sichagui. Ile usiyoihitaji sana, hata kama ni ya kukueleza tu ni basi gani linatoka Songea siku gani. Hata kama ndani yake ananisema vibaya. Mpe Jastin akirudi mwezi wa pili, nami nitakwenda kumngoja njiani.

Mama yako anasema ukila usipa hawa umkumbuke, na anauliza watoto wameanza kujua Kiswahili au wanajua cha huko tu. Ida anakuamkia, anasema shikamoo baba mdogo. Nisalimie sana Gaudiosa, mwambie pole kwa kumlilia shemeji aliyemwona mara mbili tu. Nisalimie na mkubwa wenu Glorious, nasikia amefaulu. Kaka yako alizipata habari hizo akiwa hai na alifurahi.

Mungu aliyewagawa ndugu wawili kwa umbali wote huu awakutanishe mahali ambapo hapahitaji likizo. Akulinde huko chini ardhini unakofanya kazi, akutoe salama kila siku.

Ni mimi nikupendaye, mke wa kaka yako hata sasa,

Luisa, mama Ida